Mwanamize na Pete ya Pipa

Nilimjua Mwanamize kwa sababu ya karafuu za shangazi yangu.

Mie, Mwanakhamis, ni mtu wa Vitongoji. Mwaka 1958 baba yangu, Mzee Duni, alinipeleka Tibirinzi nikakae kwa dada yake, Bi Siti, ili nisome skuli ya wasichana ya Chake Chake. Nilikuwa msichana mrefu, nina miguu isiyojua pa kukaa, na kazi yangu ya kwanza katika nyumba ile ilikuwa kugeuza karafuu zilizoanikwa uani. Siku hiyo nilikuwa nimeinama juu ya jamvi, mara kitu kizito kikaruka ua wa makuti kikaanguka katikati ya karafuu, pu! Nyingine ziliruka mpaka mlango wa jikoni.

Ulikuwa mpira. Mpira mkuukuu wa ngozi, una viraka viwili vilivyoshonwa kwa uzi wa kushonea viatu.

"Nipe mpira wangu," sauti ikasema ng'ambo ya ua. Hodi hakuna, samahani hakuna.

Nilichungulia. Nikaona uwanja mdogo wa mchanga uliofagiliwa vizuri, nguzo imesimamishwa, na juu ya nguzo pete ya chuma. Chini yake alisimama msichana mfupi, mwembamba, kajifunga kanga kiunoni, jasho linamtoka kama mtu aliyekuwa akitwanga. Kwa utani tu nikaurusha mpira juu ya ua, sikulenga popote. Ukapanda, ukashuka, ukapita katikati ya ile pete bila ya kuigusa.

Msichana aliutazama mpira, kisha akanitazama mie.

"Rudia," akasema.

Nikarudia. Safari hii ulikwenda kupiga ukuta wa choo chao. Nilicheka mpaka nikajishika mbavu.

"Unacheka nini?" akaniuliza. "Si umekosa?"

Hakuniuliza kwa hasira. Alitaka kujua kweli. Na nilipomwambia kwamba nimecheka kwa sababu nimekosa, alinikunjia uso kama niliyemsomea hesabu ya uongo. Huyo ndiye Mwanamize binti Othman, na tangu siku ile hatukuachana mpaka mambo ya Unguja yalipotuachanisha.

Baba yake, Mzee Othman, alikuwa seremala. Alitengeneza milango na vitanda, na kazi zake zilipendwa kwa sababu alikuwa mtu wa kupima mara mbili mbili. Mwalimu wetu wa michezo, Mwalimu Kazija, alipoleta mpira wa pete skuli, kabla mie sijafika, Mwanamize alirudi nyumbani akamwambia baba yake anataka nguzo. Mzee Othman hakumuuliza ya nini. Alichukua boriti moja iliyobaki kwenye kazi ya watu, akavunja pipa bovu, akatoa ile pete yake ya chuma, akaikunja kwa nyundo mpaka ikatosha mpira kupita. Kisha akaisimamisha uani. Mama yake, Bi Mgeni, alilalamika kwamba hana tena pa kuanikia nguo, lakini nguzo ilikaa.

Kwa asiyejua mchezo wenyewe, nitaeleza kidogo. Wachezaji ni saba kila upande. Mwenye mpira hatembei nao. Lazima asimame, amtafute mwenzake, amrushie. Na si kila mtu anaruhusiwa kutia mpira kwenye pete. Ni wawili tu, na wawili hao hukaa karibu na nguzo ya wapinzani. Katika timu yetu wawili hao tulikuwa mie na Mwanamize. Yeye alisimama chini ya pete. Mie nilizunguka, nikaupokea mpira kutoka kwa wenzetu, nikampa.

Tulichezea ndani ya uwanja wa skuli, uliozungushwa ua mrefu wa makuti ili wapita njia wasitutazame. Tulifika asubuhi na mabuibui yetu, tukayavua, tukayatundika kwenye misumari darasani, tukatoka uwanjani miguu mitupu, suruali ndefu chini ya kanzu za skuli na mitandio tumeifunga kisogoni. Mpaka leo nikisikia harufu ya makuti mabichi yaliyosukwa hukumbuka raha ile, ya kukimbia bila ya mtu kukwambia tembea vizuri. Zilikuwa siku za siasa. Watu wazima walikuwa wameanza kuhamana: huyu hanunui dukani kwa yule, wala haendi mazishini kwake. Sisi humo ndani tulibaguana kwa utepe tu, wekundu huku na kijani kule, na jioni tepe zote zilirudi katika mkoba mmoja.

Mie mpira nilipewa. Sijui niseme vipi vingine. Niliukamata tu, na mkono wangu ukajua pa kuupeleka, kama nilivyojua mdako, mchezo wa kokoto, tangu utotoni. Mwanamize hakupewa. Alikuwa mfupi, na mikono yake ilikuwa mizito mwanzoni, na wasichana wengine walimcheka pembeni. Basi akautafuta mwenyewe. Baada ya sala ya alfajiri, kabla moshi wa jikoni haujapanda, ungemsikia uani kwao: mpira chini, kimya kidogo, halafu ama chuma kinalia, ama hakilii. Shangazi Siti alikuwa akikaa kitako na tasbihi yake, akisikia chuma kinalia anasema, "Maskini, amekosa." Kisipolia anasema, "Alhamdulillahi." Hajapata kuutazama mchezo wenyewe hata siku moja, lakini aliufuata hivyo hivyo kwa masikio.

Mvua ikinyesha alitia vile vile. Akifunga Ramadhani alitia vile vile, mpaka Bi Mgeni akaufungia mpira ndani ya sanduku. Ndani ya mwaka mmoja hakukuwa na msichana Chake Chake aliyeweza kumshinda chini ya pete, na waliokuwa wakimcheka wakawa wanamwogopa.

Kwa sababu Mwanamize alikuwa mgumu. Mwalimu Kazija alimfanya kiongozi wa timu, na tangu hapo mazoezi yalikuwa kama chuo cha Kurani cha mwalimu mkali. Mie nilikuwa nikija na muhogo wa kuchoma ndani ya kitambaa, nagawa huku nakimbia. Niliwapa wenzangu majina ya samaki. Msichana mmoja mlinzi wetu, aliyekuwa na mikono mirefu ajabu, nilimwita Pweza, na likamganda mpaka akaolewa nalo. Nikirusha mpira nilimwita mtu kwa jina lake la samaki, na uwanja mzima unacheka, na wapinzani nao wanacheka, mpira unapita.

"Sisi hatukuja hapa kucheza," Mwanamize aliniambia siku moja mbele ya wote.

"Haya, tumekuja kufanya nini basi? Huu si mchezo?"

"Mchezo ni wa watoto. Sisi tuna mechi."

Mwalimu Kazija alikuwa karibu, akainamisha kichwa kuficha uso wake. Alikuwa mwanamke kijana, mpole, na nadhani hakujua afuate upande gani. Alimpenda Mwanamize kwa juhudi yake, na mie alinipenda kwa sababu nilipokuwapo hakuna aliyetaka kwenda nyumbani. Akatuacha tuvutane, na mvutano wetu ukawa ndiyo timu.

Mwaka 1959 tulikwenda Wete kucheza na wenzetu wa huko. Tulipanda gari la mbao, tumejifunika mabuibui, na tangu Chake mpaka Wete tuliimba, isipokuwa Mwanamize, aliyekaa karibu na dereva huku midomo ikimchezacheza. Nilidhani anasoma dua. Kumbe alikuwa akijikumbusha nani asimame wapi. Tulishinda, na tulishinda vizuri. Wenyeji wetu walitupikia pilau, tukakaa juu ya mikeka tumechanganyika nao, na wasichana wa Wete waliniuliza jina langu la samaki ni lipi.

Mwanamize alikuwa nje kibarazani, sahani yake haijaguswa.

"Njoo ule, mwenzangu," nikamwambia. "Tumeshinda."

"Kipindi cha pili nilikosa mitatu ya karibu. Hwoni? Wangekuwa na mtiaji mmoja wa maana, tungelia leo."

"Lakini hawanaye."

"Unguja wanaye," akasema.

Hapo ndipo nilipojua kwamba ameshaanza kucheza na watu ambao hajawaona.

Mwaliko wa Unguja ulikuja kweli, mwaka uliofuata. Skuli kadhaa zitakutana mjini, na Pemba ipeleke timu moja. Mwalimu Kazija alikwenda nyumba kwa nyumba kuomba ruhusa za wazazi. Wengine walikubali, wengine walikubali baada ya kuhakikishiwa kwamba hakuna mwanamume atakayeingia uwanjani. Baba yangu alikataa. Alikuwa amepokea posa kutoka kwa watu wa pale pale Vitongoji, kwa kijana mmoja anayeitwa Vuai, na hakuona kwa nini msichana aliyekwisha posewa apande meli kwa ajili ya mpira. Mie, kusema kweli, sikuumia sana. Nilimjua Vuai tangu utotoni na nilikuwa namtaka. Nilimwambia Mwanamize wamchukue mtu mwengine.

Kesho yake hakuonekana skuli. Alikuwa amekwenda Vitongoji kwa miguu, jua la mchana, pamoja na mama yake aliyemlazimisha waandamane.

Baba alinihadithia mwenyewe baadaye, na kila mara alipohadithia alitikisa kichwa. Alikuwa nyuma ya nyumba anasuka dema, mtego wake wa samaki. Mwanamize alimwamkia, akakaa chini mbele yake bila ya kungoja mkeka.

"Baba, nimekuja kumwombea Mwanakhamis."

"Najua ulichokuja nacho, mwanangu. Nishakwambieni hendi."

"Mie nnajua kutia, baba. Lakini asipokuwapo yeye hakuna wa kunipa."

"Watu wote hao, hakuna hata mmoja wa kukupa mpira?"

"Wapo wa kunirushia. Wa kunipa ni yeye."

Baba akaendelea na dema lake. Kisha akauliza swali ambalo watu wote walikuwa wakiliuliza siku zile. "Mpira huo una faida gani?"

Bi Mgeni akaanza kumwombea radhi mwanawe. Mwanamize akasema, "Sijui, baba. Lakini nikiukosa naumwa."

Baba alisema alikuwa amejitayarisha kwa maneno mengi: serikali, masomo, sifa ya Pemba. Hilo moja hakulitarajia. Aliwatuma watu kwa wazee wa Vuai kuomba harusi isubiri, na wao, kwa wema wao, wakasubiri.

Basi tukaenda. Tulipanda meli Mkoani, na bahari ilitutesa hata mie sikuwa na mzaha wowote wa kusema. Mjini tulilala katika bweni la wasichana, watu wanne wanne katika vyumba vya ghorofa, na tulipofungua vinywa kusema, wenyeji wetu walianza kuchekeana. "Wapemba hao!" walinong'ona. Mie nilizidisha makusudi, nikawaambia maneno ya kwetu Vitongoji ambayo hata Tibirinzi hawayatumii, mpaka wakawa wananifuata niseme tena. Mwanamize alikwenda kuutazama uwanja.

Alirudi kabadilika rangi.

"Chini saruji," aliniambia. "Na pete yao ni nyembamba. Mpira ukigusa chuma hautulii, unaruka."

"Si sote tutachezea pete hiyo hiyo?"

"Wao wameizoea."

Sikulichukulia kwa uzito. Mechi ya kwanza tulishinda, kwa taabu kidogo. Ya mwisho tulikutana na timu ya mjini, wasichana warefu wenye viatu vya mpira vyeupe, na mtiaji wao alikuwa binti mtulivu sana, asiyebabaika. Walikuwapo mamia ya wanawake na wasichana kuzunguka uwanja, na kelele zao zilipiga kwenye kuta zikarudi. Pemba tulikuwa tukicheza juu ya mchanga. Mguu unazama kidogo kabla ya kuruka. Pale saruji iliurusha mwili juu upesi kuliko tulivyotaka.

Mwanamize alikosa wa kwanza. Chuma kililia. Akakosa wa pili. Nikaona anautazama mkono wake. Nikampa mwengine, akautia, nikadhani yamekwisha. Lakini alikuwa kashaingiwa na kitu. Kila nilipompa alichukua muda mrefu zaidi, akipima, akipima tena, na mikono ya wapinzani ikawa ishafika. Nilimwambia, "Tia tu kama uko uani kwenu." Akanambia, "Nyamaza!" Nilipomwita kwa jina la samaki nililompa kwa siri, ambalo halipendi, alinigeuzia macho yaliyojaa maji.

Mie siku ile nilikuwa katika hali ambayo sikupata tena. Kila nilichorusha kilifika. Nilitia mwenyewe mingi kuliko nilivyowahi, na wale wanawake wa mjini, ambao hawakuwa wetu, walianza kunipigia vigelegele. Ndivyo tulivyobaki karibu nao mpaka dakika za mwisho, tukiwa nyuma kwa goli moja.

Pweza alinasa mpira katikati, akanipa. Nilikuwa karibu na pete, na hapakuwa na mtu mbele yangu. Lakini nilimwona Mwanamize amesimama pale pale anaposimama siku zote, na mikono yake iko wazi. Nikampa.

Chuma kililia. Na firimbi ikalia.

Wapinzani wetu walikuja kutukumbatia, nami nikawakumbatia, nikacheka nao, maana ilikuwa mechi tamu, tamu kuliko zote nilizocheza. Mwanamize alinivuta mkono.

"Kwa nini hukutia mwenyewe?"

"Ulikuwa wazi. Na ni kazi yako."

"Nilikuwa nimeshakosa mchana kutwa! Ulikuwa hwoni?"

"Nilikuona. Nikataka uupate wa mwisho."

Alinitazama kama mtu aliyetukanwa. Tulikuwa melini tunarudi, na visiwa vidogo vya kwetu vimeanza kuonekana. Hapo akasema, taratibu, bila ya kunigeukia:

"Weye ulipewa bure, Mwanakhamis. Ndiyo maana unagawa bure."

Tuliposhuka Mkoani kila mmoja alikaa upande wake wa gari.

Miezi michache baadaye nikaolewa na Vuai. Harusi ilikuwa Vitongoji, na wenzangu wa timu walikuja wote wakacheza ngoma mpaka wakachoka. Mwanamize alimtuma mama yake na zawadi, jozi ya kanga, lakini yeye alisema ana homa. Nilizipokea, nikazikunja, nikaziweka chini kabisa ya sanduku. Niliumia, ila sikuwa na wakati wa kuumia sana. Nilikuwa na mume, shamba la muhogo, na mara moja mtoto tumboni.

Nilikwenda Tibirinzi tena mwaka 1961, mtoto wangu ameshaanza kutambaa. Nilikwenda kumwona shangazi Siti aliyekuwa anaumwa na miguu. Alfajiri ya kwanza niliamka, nikaswali, nikakaa. Kimya. Jogoo, watu wa msikitini wanarudi, basi.

"Hatii tena?" nikamuuliza shangazi.

"Tangu mlipotoka Unguja. Mtaa umekuwa kama una msiba. Nenda kamwone, mwanangu. Baba yake anakonda kwa ajili yake."

Nilipita kwa mlango wa mbele, nikapiga hodi kama mgeni. Mzee Othman alikuwa kibarazani anapiga randa ubao. Aliponiona aliweka randa chini, akaniashiria kwa kidevu nipite uani. Nguzo ilikuwapo. Bi Mgeni alikuwa kafunga kamba kutoka kwenye nguzo mpaka ukutani, na nguo zilikuwa zimeanikwa. Mwanamize alikaa kivulini anashona kofia ya viua, kichwa kimeinama, meno kayauma. Vilikuwa viua vidogo visivyo na kosa hata kimoja. Nikatambua kwamba ile bidii haikwenda popote. Imehamia kwenye sindano tu, na huko inamla vile vile.

Tulisalimiana. Alimchukua mtoto, akamtazama vidole, akasema ana mikono mirefu.

"Ya kukamatia pweza," nikasema. Hakucheka.

"Mpira uko wapi?" nikamuuliza.

"Sandukuni. Hauna upepo."

"Kwa nini umeacha?"

Alitunga uzi kwanza. "Nikiinua mkono naiona pete ya kule. Siioni hii. Hata nikifumba macho naiona ile."

Mie si mtu wa kutoa nasaha. Nilikwenda ndani, nikafungua sanduku, nikautoa mpira, nikamtuma mtu kwa fundi baiskeli karibu na soko autie upepo. Ulipokuja nilianua nguo, nikafungua kamba, nikasimama chini ya nguzo. Nilikuwa sijagusa mpira tangu niolewe. Nikarusha, haukufika hata kwenye pete. Nikarusha tena, ukaenda juu ya paa la jiko, ukabingirika chini na vumbi la makuti. Nilikuwa nacheka peke yangu kama mwehu. Mtoto naye akacheka.

"Mkono wako uko chini," Mwanamize akasema.

"Wapi?"

"Hapo. Kiwiko. Aa, siyo hivyo."

"Vipi?"

"Weye Mwanakhamis unafanya makusudi!"

Sikufanya makusudi. Nilikuwa nimeharibika kweli. Akaiweka kofia chini, akaja, akanikamata kiwiko, akakipeleka juu. Nikakosa. Akanipokonya mpira kwa ghadhabu ili anionyeshe, na mkono wake ukapanda kabla hajakumbuka kuogopa. Chuma hakikulia.

Kutoka kibarazani niliisikia randa ya Mzee Othman ikisimama.

Tulicheza mpaka wali wa Bi Mgeni ukashika chini. Baadaye tulikaa kivulini, tumelowa, tunakunywa maji ya mtungi kwa kata moja, na hapo ndipo aliponiambia jambo ambalo sikuwa nimelijua muda wote tuliokuwa pamoja.

"Nyote mkidhani najitesa," alisema. "Baba, mama, weye. Shangazi yako akinionea huruma. Lakini ile alfajiri ndiyo iliyokuwa yangu. Niko peke yangu, kumepoa, mpira unapita. Hakuna anayenitazama. Sikuwa nataka kitu chochote zaidi ya kile. Mechi ndizo zilizokuwa zikinitesa."

"Basi mbona hukuwa ukicheka hata siku moja?"

"Kwani weye unadhani furaha yote ina meno?"

Nilikuwa nimemwona kila siku, uso umekunjamana, na nilikuwa nikimhurumia, na nikijiona mie ndiye ninayejua utamu wa mchezo ule. Nikamwambia na langu. Kwamba huko shamba, nikiwa napanda muhogo na wanawake wenzangu, tunacheka kutwa nzima, maana mie napata watu wa kucheka nao popote. Lakini hakuna anayeniambia rudia. Na kwamba bila ya yeye nisingejua hata siku moja kwamba mkono wangu unaweza yale uliyoyafanya kule kwenye saruji.

"Kwa nini ulinipa ule wa mwisho?" akauliza tena. Safari hii bila ya uchungu.

"Nishakwambia. Mikono yako ilikuwa wazi."

Akaguna. Nadhani mpaka leo hajakubaliana nami.

Mwaka uliofuata alikwenda Unguja kusomea ualimu. Mie nilisema hataweza kukaa karibu na uwanja ule, lakini Bi Mgeni alinieleza kwamba barua zake zote zilikuwa zikiuzungumzia uwanja, namna saruji inavyotaka mtu akunje magoti. Aliporudi mwaka 1963 walimpeleka kaskazini, Kiuyu, ambako walikuwa wameongeza darasa la wasichana. Alinitumia salamu niende nikamtazame. Vuai alinichukua kwa baiskeli mpaka barabarani, nikapanda gari, na kutoka huko nikatembea na mtoto mgongoni katikati ya mashamba.

Nilimkuta uwanjani, kiwanja cha udongo mwekundu, wasichana wamejipanga mbele yake. Sauti yake ilikuwa ile ile. Hakuruhusu muhogo wala mazungumzo. Ila niliona jambo moja ambalo Mwalimu Kazija hakuwa akilifanya: kila aliyefika kwenye zamu yake ya kutia, wengine walitakiwa kugeuka na kutazama upande wa pili, ili awe peke yake na pete. Msichana mmoja mdogo alikosa mara nyingi huku wenzake wamempa migongo. Mwanamize alisimama kando, mikono nyuma, hamharakishi. Alipopata, Mwanamize alisema tu, "Sawa. Mwengine." Nilimtazama usoni. Asiyemjua angesema mwalimu yule amekasirika.

Mapinduzi yalikuja miezi michache baadaye, na baada yake watu wengi walitawanyika. Mwalimu Kazija alihamia Dar es Salaam. Pweza alikwenda na mumewe Tanga. Mwanamize alibaki Kiuyu. Aliolewa huko na bwana afya mmoja, Mbarouk, mtu mtaratibu aliyekuwa akimwashia jiko alfajiri ili yeye awahi uwanjani, na wakwe walisema hilo halijapata kuonekana. Alifundisha huko miaka mingi sana. Wasichana wake walikwenda kucheza Wete, Chake, na mwishowe Unguja, ambako safari moja walishinda na safari nyingine hawakushinda.

Mie sikucheza tena baada ya siku ile ya Kiuyu. Wanafunzi walipokwenda zao, Mwanamize alinitazama, akanitazama miguu, akasema, "Hebu." Tukamkalisha mtoto juu ya mabuibui yetu. Nilizunguka kama zamani, nikajifanya napokea kutoka kwa Pweza, nikampa. Akatia, akaniokotea, nikampa. Hatukuwa na wapinzani wala wa kututazama isipokuwa mbuzi wa watu waliofungwa kando ya uwanja. Sikumchekesha na hakunikemea. Ulikuwa upepo mzuri, jua limeshakwenda nyuma ya minazi, na mpira ulikuwa mpya, wa serikali, haujatiwa hata kiraka kimoja.